Ankara Ifuate Stika, Isimfuate Majeruhi

Katika madhila yote yanayomfika mtu barabarani, hakuna lililo zito kwa maskini, baada ya maumivu ya mwili wenyewe, kama kutakiwa alipe gharama za kuponya jeraha ambalo hakujitia. Na jambo hili, ambalo kila mwenye akili timamu akisimuliwa atasema kuwa ni kinyume cha insafu, hutendeka katika nchi yetu mchana kweupe, wala huoni katika wanaolisimamia hata mmoja aliyevunja sheria. Kampuni ya bima imekwisha kupokea fedha zake, hospitali inatoza kwa utaratibu iliopewa, askari wa usalama barabarani ameandika alichotakiwa kuandika, na juu ya hayo yote ankara huishia mikononi mwa mtu aliyelala kitandani, paja limevunjika na baiskeli yake imepondeka uani mwa kituo cha polisi. Hoja yangu ni moja: ankara ya matibabu ya mtu aliyegongwa na gari iende kwa bima ya gari hilo tangu siku ya kwanza, na mabishano ya nani alikosea yaje baadaye, baina ya wenye uwezo wa kubishana.

Nayasema haya Singida Mjini, mahali ambapo hoja hii haihitaji kutafutiwa mifano ya mbali. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma kupitia Manyoni huingia hapa, kisha huteremka Sekenke kwenda Igunga, Nzega na Mwanza, na kupitia Nzega na Kahama huwafikisha wasafiri Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Nyingine hutoka hapahapa kwenda Babati na Arusha. Mji wetu umekuwa njia panda ya malori ya mizigo, mabasi ya masafa marefu na magari ya wakubwa wenye haraka, na katika lami hiyohiyo hupita mwananchi wa Mtipa, wa Unyambwa au wa Kisaki, ambaye baiskeli kwake si mazoezi ya mwili wala si mapambo ya jioni, bali ndiyo gari lake, na mkokoteni wake, na aghalabu ndilo duka lake.

Mtazame huyo alfajiri akielekea sokoni. Kwenye keria amefunga tenga la kuku kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu, na tenga limepanda hata likamfika mabegani, hivyo hawezi kugeuza shingo akaona kinachokuja nyuma yake, husikia tu. Ukingo wa lami umelika, na kati ya lami na changarawe pana kidaraja cha kiasi cha vidole vinne, ambacho tairi ya baiskeli yenye mzigo ikikiteremka haipandi tena kwa urahisi. Upepo wa Singida, ule ambao wataalamu wameutamani kwa kuzalisha umeme, humpiga ubavuni na kulisukuma tenga kama tanga la ngalawa. Lori likipiga honi nyuma yake ana hiari mbili tu, kubaki juu ya lami au kujitupa changaraweni, na zote mbili zina hatari. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya 2023, lilikadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, na kwamba katika kila mia moja wanaokufa, sita ni waendesha baiskeli na ishirini na tatu ni waendao kwa miguu. Wanaobaki hai wakiwa wamevunjika ni wengi zaidi, na habari za hao ndizo zinazotuhusu hapa, kwa sababu maiti hawaandikiwi plasta.

Aliyegongwa huokotwa na wapita njia, akapakiwa katika bajaji au nyuma ya gari la mizigo, na safari yake ya kwanza ingestahili kuwa ya hospitali. Lakini kwa desturi iliyozoeleka ndugu zake huulizwa fomu ya polisi namba tatu, tuiitayo PF3, nao hugawanyika, mmoja akabaki na majeruhi na mwingine akakimbilia kituoni. Siikatai fomu hiyo, maana ina faida kubwa: ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba jeraha limetokana na ajali. Ila ushahidi usigeuzwe kuwa kufuli la mlango. Jirani zetu wa Kenya, katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010, waliandika bayana kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nasi tusiongoje mpaka tuandike Katiba mpya ndipo tukubali jambo ambalo dini zetu na mila zetu zilikwisha kulikubali zamani.

Kisha huja dirisha la malipo. Tangu 1993, Serikali ilipoanzisha uchangiaji katika hospitali zake, mgonjwa wa kawaida hulipia huduma, na mwenye jeraha la ajali ni mgonjwa wa kawaida katika daftari. Hulipia kadi ya kumwona daktari, hulipia picha ya eksirei, na baada ya plasta hupigwa picha nyingine ili ijulikane kama mfupa umekaa sawa. Hulipia dripu, sindano, nyuzi, damu ikipungua hutafutiwa ndugu wa kuchangia, na kitanda huhesabiwa kwa siku. Mfupa wa paja usipofanyiwa upasuaji wa kutiwa chuma huhitaji kuvutwa kwa uzito majuma sita au zaidi, na muda wote huo yuko mtu wa kumuuguza, anayekula mjini na kulala anapopata. Likishindikana hapa, huandikwa rufaa ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, au KCMC Moshi, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, na hapo nauli peke yake yatosha kumaliza zizi.

Iko misamaha, na haki yake isemwe. Sera yetu inawatazama watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka sitini na zaidi wasio na uwezo, na wenye maradhi fulani ya kudumu. Lakini mkulima wa miaka thelathini na mitano, aliyekuwa na nguvu zake mpaka dakika aliyogongwa, hamo katika orodha hiyo, na hana budi kwenda kwa afisa ustawi wa jamii kuthibitisha ufukara wake, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Iko pia CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo ilianza kwa kuikinga kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Nayo ni ihsani kubwa kwa aliyejiandikisha kabla ya siku mbaya. Kwa asiyejiandikisha, mbuzi huuzwa wa kwanza, kisha magunia ya alizeti yaliyokuwa yakingoja bei ipande, kisha simu hupigwa kwa mjomba aliye Dar es Salaam, kisha daftari la michango hupita msibani na harusini.

Wala hesabu ya hospitali si hesabu yote. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa mwaka na kukoma yapata Aprili; mtu aliyevunjika Januari amepoteza palizi, na aliyepoteza palizi amepoteza mavuno, hivyo deni la jeraha la siku moja hula chakula cha mwaka mzima. Ndiyo sababu wengine huomba ruhusa kabla ya wakati, wakasema wanakwenda kumalizia nyumbani, na kumbe wanakwenda kwa mganga wa mifupa wa kienyeji, si kwa kuwa wanamwamini kuliko daktari, ila kwa kuwa yeye hupokea kuku leo na mbuzi baada ya mavuno. Mfupa ukiunga kombo, mtu huyo hatapanda baiskeli tena, na familia itakuwa imelipa ajali moja mara tatu.

Sasa tuitazame sheria, maana msomaji aweza kudhani kuwa yote haya yanatokea kwa sababu sheria haipo. Ipo, na ni ya siku nyingi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo asili yake ni zama za utawala wa Mwingereza, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine, ile tuiitayo kwa mazoea bima ndogo. Mkulima mwenye tenga la kuku ndiye hasa aliyekusudiwa: hana mkataba na mwenye gari, hakuchagua kampuni, hakuweka saini popote, na hata hivyo sheria imemwekea dhamana asiyoijua. Hata lori la kigeni lipitalo hapa kwenda au kutoka Rwanda na Burundi hubeba Kadi ya Njano, utaratibu wa nchi za jumuiya ya COMESA ulioanza kutumika katika 1987, ambao Tanzania inaufuata ingawa ilikwisha kujitoa katika jumuiya hiyo. Na kadi hiyo, pamoja na kuwafidia waliogongwa, hulipia matibabu ya dereva na abiria wa lori lenyewe. Basi fedha zipo, na mlipaji anajulikana. Kasoro iko katika mpangilio wa malipo.

Kwa utaratibu ulivyo, kampuni ya bima hulazimika kulipa baada ya kuthibitishwa kwamba dereva alikuwa na hatia na baada ya kiwango cha hasara kujulikana, ama kwa maafikiano, ama kwa hukumu ya mahakama. Kesi ya usalama barabarani ikisikilizwa na dereva akakiri kosa, faini huenda Hazina, haiendi wodini. Anayetaka fidia ana njia yake nyingine, ya madai, yenye ada zake, wakili wake, tarehe zake za kuahirishwa, na ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Hospitali kwa upande wake haina miaka mitatu ya kungoja, hata pengine haina siku tatu. Katika pengo hilo, kati ya haki inayokuja polepole na ankara inayokuja mbio, ndipo dereva au tajiri wake huingia na noti chache, akasema tuyamalize kienyeji. Na majeruhi, ambaye kesho anatakiwa kulipia upasuaji, hupokea laki mbili, akatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na kwa dole hilo akawa ameisamehe kampuni ya bima deni lake lote. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, ila hawakusema kuwa alipe asiyekopa.

Dawa ninayoipendekeza si ngeni duniani, na ajabu ni kwamba hao hao waliotuachia sheria hii walikwisha kuijaribu kwao. Uingereza, kwa sheria yake ya barabarani ya 1934, iliamuru kwamba daktari au hospitali iliyompa majeruhi matibabu ya dharura ilipwe na aliyekuwa akilitumia gari, shilingi 12 na peni 6 kwa kila mtu aliyetibiwa, bila kuulizwa kwanza nani alikosea. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kanuni yake ni kubwa: tiba kwanza, lawama baadaye. Rwanda, jirani yetu wa karibu, ina mfuko maalum wa dhamana unaowafidia walioumizwa na magari yasiyo na bima au yaliyokimbia yasijulikane. Botswana ina mfuko wa ajali za magari tangu 1987, unaopata nguvu zake katika tozo ya mafuta. Nasi tunaweza kuanza kwa jambo jepesi kuliko yote hayo: kanuni itamke kwamba hospitali iliyompokea majeruhi wa gari itapeleka ankara moja kwa moja kwa kampuni iliyoandikwa kwenye stika ya gari hilo, nayo ilipe matibabu ya dharura na ya siku za mwanzo, mpaka kiwango kitakachowekwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, bila kungoja hukumu, na haki yake ya kudai kwa mwingine ikibaki palepale.

Najua majibu yatakayotolewa, na hayastahili kudharauliwa. Watu wa bima watasema ada itapanda, na kwamba ada ya bima ndogo, ambayo kwa gari dogo la binafsi ni zaidi kidogo ya laki moja kwa mwaka, haitoshi kubeba mzigo huo. Lakini matibabu hayo ni deni ambalo hata sasa wanawajibika kulilipa dereva wao anapokuwa na hatia, na kama kulilipa mapema kutawafilisi, basi maana yake ni kwamba biashara yao imekuwa ikisimama juu ya ujinga wa wenye haki, wasiojua kudai. Watasema pia kwamba waendesha baiskeli wengine hukosea, hupanda usiku bila taa wala kiakisi, na hukata barabara bila kutazama. Ni kweli, na mahakama tayari hupunguza fidia kwa kadiri ya kosa la aliyeumia; hilo liendelee katika fidia kubwa, ya kilema na ya kupotewa na kazi. Katika kuunga mfupa uliovunjika hakuna nafasi ya asilimia.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya udanganyifu na ufujaji, na hapo Afrika Kusini ni somo la hadhari, kwani mfuko wake wa ajali, ingawa hulishwa na tozo ya mafuta, umezama katika madeni na mashauri yasiyokwisha. Ila nitazamapo somo hilo naona kwamba balaa kubwa lilitoka katika fidia za donge nono zinazopiganiwa na mawakili miaka kwa miaka, ilhali mimi nazungumzia ankara ya hospitali, yenye tarehe, jina la mgonjwa, namba ya PF3 na namba ya gari, iliyotolewa kwa bei zinazojulikana. Mambo hayo manne yakikutanishwa, hila haina mahali pa kujificha kwa wepesi. Na zana ya kuyakutanisha ipo: leo hii mtu yeyote mwenye simu aweza kuandika namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Bima, akaiona stika yake, kampuni yake na siku inapokwisha. Kinachosubiriwa ni karani wa hospitali kuruhusiwa kufanya lile ambalo askari wa barabarani hulifanya kila siku kando ya njia.

Kuhusu magari yasiyo na bima na yale yanayokimbia, ambayo aliyegongwa nayo hana kampuni ya kuidai, nina neno moja kwa wenye mamlaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeitaja ada ya bima za vyombo vya moto miongoni mwa vyanzo vya fedha za kuwagharimia wasio na uwezo. Kwa hiyo taifa limekwisha kukiri kwamba gari lina dhima kwa mgonjwa, nami sioni sababu ya kukiri nusu. Sehemu ya fedha hizo itengwe kwa uwazi kuwalipia walioumizwa na gari lisilojulikana, na hesabu zake zitangazwe mkoa kwa mkoa, ili mtu wa Singida ajue kilichokusanywa na nani aliyetibiwa nacho.

Hadi hayo yatakapotimia, kuna machache ambayo hayangoji Bunge. Wapita njia wanaomwokota majeruhi waandike namba ya gari na kuipiga picha kabla gari halijaondolewa. Ndugu wadai nakala ya PF3 na ramani ya ajali, wahifadhi kila risiti, hata ya pamba na ya bajaji, na wasitie saini karatasi ya kuyamaliza kabla daktari hajasema kilema ni cha kiasi gani. Askari, anapojaza taarifa, aandike jina la kampuni ya bima na ampe majeruhi, maana ni haki yake, si siri ya jalada. Afisa ustawi wa jamii, anapoletewa mtu aliyegongwa, swali lake la kwanza liwe gari lilikuwa na bima gani, ndipo aulize una mbuzi wangapi.

Wabunge wa mkoa huu, wa chama chochote walicho, wanapita barabara hizi kila wanaporudi kutoka Dodoma, na madereva wao huwapigia honi watu hawa wenye matenga. Nawataka katika kikao kijacho wamuulize waziri mwenye dhamana ya fedha, ambaye bima ziko chini yake, na waziri wa afya, ambaye hospitali za rufaa ziko chini yake, swali moja la maandishi: ni lini kanuni itatungwa ya kuipeleka ankara ya majeruhi kwa bima ya gari? Walioomba kura zetu kwa baiskeli na kwa miguu vijijini hawatashindwa kulitamka hilo, na sisi tuliowapa kura tuna haki ya kusoma jibu lake katika taarifa za Bunge.